Tom Mboya: Kijana aliyeingia katika utungaji wa sera kupitia vyama vya wafanyakazi

MSAFIRI atokaye Meru au Embu akishapita Makutano, pale barabara yake inapoungana na ile ya Nyeri, huanza kuuona mlima uliosimama peke yake upande wa kushoto kadiri anavyoikaribia Thika. Huo ndio Kilimambogo. Katika mashamba ya mkonge ya eneo hilo ndiko alikozaliwa Thomas Joseph Mboya mnamo Agosti 15, 1930. Babake, mzaliwa wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa ameajiriwa huko na mlowezi.

Vijana wa Kenya wanapodai kusikizwa katika utungaji wa sera za taifa, jina la Mboya halikosi kutajwa. Hutajwa hasa umri wake: mbunge akiwa na miaka 26, waziri akiwa na miaka 31. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba hakuna aliyemtengea kiti.

Ukosefu wa karo ulimkatizia masomo katika shule ya Mangu. Akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya huko Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake Mzungu kwa kazi ile ile. Siku moja mwanamke Mzungu aliyeleta maziwa yapimwe alimkuta Mboya ofisini, akamtazama, kisha akauliza kama mle ndani kulikuwa na mtu.

Mboya aliwaandikisha wenzake katika chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Wakati huo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953, viongozi wake wakiwa tayari wamekamatwa. Vyama vya wafanyakazi viliachwa, ingawa vilichungwa sana, na mwaka huo huo Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Alikuwa na umri wa miaka 23. Ni haki kusema pia kwamba alipanda haraka kwa sababu waliomtangulia, akina Makhan Singh na Fred Kubai, walikuwa wamefungiwa.

Katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa jijini na kupelekwa vizuizini. Wanachama wengi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa miongoni mwao. Mboya alipinga hatua hiyo na kuufikisha ujumbe kwa vyama vya ng'ambo. Mwaka uliofuata aliingilia kati mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, na uamuzi wa usuluhishi ukawapa nyongeza iliyokaribia thuluthi ya mshahara. Huko ndiko alikojifunza kusoma takwimu na kujadiliana bila kupandwa na hasira. Alipokwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, aliandika kijitabu kuhusu suala la Kenya, kilichochapishwa mwaka 1956.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa Machi 1957. Haukuwa wa haki. Mpiga kura mmoja aliweza kuwa na kura moja hadi tatu, kulingana na elimu, mali na utumishi wake. Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimika kwanza kuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali. Mboya alishinda Nairobi, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu katika eneo la Kati. Wanane waliochaguliwa walikataa kuingia serikalini hadi viti vya Waafrika viongezwe. Viti sita vikaongezwa, na mwaka 1958 mwalimu Jeremiah Nyagah wa Embu akaingia barazani.

Desemba mwaka huo Mboya, akiwa na miaka 28, aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika nzima jijini Accra. Mwaka 1959 alizuru Marekani kutafuta nafasi za masomo, na Septemba ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Maafisa wa Uingereza walibeza mpango huo, lakini mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukaufadhili, na Wangari Maathai akawa miongoni mwa waliosafiri.

Akiwa Waziri wa Leba mwaka 1962, aliwakutanisha waajiri na wafanyakazi wakatia sahihi mkataba wa mahusiano ya kazini. Lakini kazi yake iliyogusa nchi kwa kina zaidi, na kwa ubishi zaidi, ni Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, alioutetea akiwa Waziri wa Mipango. Waraka ulitaka fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye uwezo wa kuzalisha zaidi. Nyanda za juu za Meru na Embu, zenye kahawa na majani chai, zilikuwa na sifa hiyo. Tharaka na Mbeere, mwendo mfupi tu kuteremka, hazikuwa nayo, wala kaskazini kukavu.

Miongoni mwa walioukosoa waraka hadharani mwaka huo huo ni mwanauchumi kijana, Barack Obama Mzee, ambaye pia alikuwa amesomea Marekani.

Alasiri ya Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo. Aliyemtuma, kama alikuwapo, hakupata kujulikana. Mboya alizikwa Rusinga. Mpango wa maendeleo wa miaka ya 1970 hadi 1974, uliokuwa ukiandaliwa na wizara yake, ulitoka bila yeye.