Uchumba wa Mwenye Heri Ozanam

Wakristu wengi wa nchi zetu wanamjua Mwenye Heri Frédéric Ozanam kwa kazi moja tu. Wanajua kwamba ndiye kijana aliyeanzisha, pamoja na wenzake, Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho wanachama wake huenda nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa, wajane na maskini. Kazi hiyo ni kubwa, wala hatuna nia ya kuipunguza. Lakini Ozanam alikuwa pia mchumba, kisha mume, kisha baba wa mtoto, na utakatifu wake hakuupata nje ya mambo hayo. Juma hili tumeona vema tuwasimulie wasomaji wetu habari za uchumba wake, maana ndani yake mna fundisho kwa vijana wanaojitayarisha kwa ndoa, na kwa wazazi wao vilevile.

Ozanam alizaliwa Milano, katika Italia, tarehe 23 Aprili 1813, akalelewa Lyon, mji mkubwa wa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari aliyezoea kuwatibu maskini. Kijana alipelekwa Paris kusoma sheria, na huko, siku ile ile alipotimiza miaka 20, alikutana na wenzake wachache wakaanzisha ule umoja wa kuwasaidia maskini. Tangu hapo moyo wake ulikuwa umewekwa juu ya mambo mawili, elimu na huduma ya maskini.

Kuhusu ndoa, hakuwa na haraka. Hata twaweza kusema alikuwa na hofu. Kila rafiki yake alipooa, yeye alihuzunika kidogo, akidhani kwamba mtu akishakuwa na mke hatakuwa tena na nafasi kwa ajili ya kazi ya Mungu. Baba yake alifariki mwaka 1837, na mama yake mwaka 1839. Kaka yake Alphonse alikuwa padre, mdogo wake Charles angali kijana. Naye Ozanam akabaki kama mtu aliyesimama njia panda. Siku zile Padre Lacordaire, mhubiri mashuhuri, alikuwa amevaa kanzu ya Wadominiko ili alirudishe shirika hilo katika Ufaransa. Ozanam alimheshimu sana, akaandikiana naye, akajiuliza kama Mungu hamwiti kumfuata huko. Alivutwa upande huu, akasita; akavutwa upande ule, akasita tena.

Aliyemsaidia kukata shauri ni mzee mmoja padre, jina lake Noirot. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa filosofia pale Lyon, na ndiye aliyemshika mkono alipokuwa kijana mwenye mashaka ya imani. Alimjua mwanafunzi wake ndani na nje, akaona wazi kwamba Mungu anamwita katika ndoa, akamwambia hivyo bila kuficha. Kwa desturi zetu tungekaribia kumwita mshenga. Wasomaji watazame neno hili: padre, aliyekuwa mwenyewe ameacha ndoa kwa ajili ya Mungu, hakuidharau ndoa, wala hakumvuta kijana mwema aingie shirikani kwa sababu tu ni mwema.

Siku moja Ozanam alikwenda kumwamkia Bwana Soulacroix, aliyekuwa mkuu wa elimu wa upande wa Lyon. Alipokuwa akipita sebuleni alimwona binti mmoja karibu na dirisha, akimhudumia ndugu yake aliyepooza. Binti huyo ni Amélie, mtoto wa mwenye nyumba, umri wake kama miaka 20. Na yule mgonjwa ni Théophile, mdogo wake. Hapakuwa na ngoma wala karamu, wala binti hakujua kwamba anatazamwa. Alikuwa akifanya kazi yake ya kila siku, kwa upole na kwa uso wa furaha. Inasimuliwa kwamba Ozanam alimwonea wivu yule mgonjwa kwa kupata dada wa namna ile. Alizungumza na mkuu wa elimu kama alivyokusudia, lakini macho yake yalirudi dirishani. Tangu siku hiyo alipata sababu nyingi za kurudi katika nyumba ile.

Sisi twaona kwamba hayo hayakuwa mambo ya bahati tu. Kijana aliyekuwa amepanda ngazi nyingi za nyumba za maskini ili kukaa karibu na vitanda vya wagonjwa, alimtambua mwenzake katika kazi hiyo. Alidhani ndoa itamtenga na maskini. Kumbe mke aliyewekewa na Mungu alikuwa tayari katika huduma ile ile.

Mwaka 1840 ulikuwa mwaka wa majaribu. Ozanam alikuwa akifundisha sheria ya biashara pale Lyon, akaenda Paris kushindana katika mtihani mkubwa wa walimu wa vyuo vikuu. Akawa wa kwanza. Ndipo alipoitwa kufundisha katika chuo cha Sorbonne, si kama mwenye kiti, bali kama naibu wa mzee Fauriel, kazi isiyo na uthabiti. Lyon, kinyume chake, palikuwa na mshahara mzuri, mahali pa hakika, karibu na jamaa zote za binti. Na mwezi wa Novemba mwaka ule ule uchumba wao ulikubaliwa.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wakae kidogo. Ozanam angeweza kunyamaza mpaka baada ya arusi. Angeweza pia kujipamba kwa sifa za Paris na kuficha upungufu wa kazi ile. Hakufanya hivyo. Alimweleza mchumba wake mambo yote mawili, faida na hasara: kwamba Lyon ni utulivu na riziki ya kutosha, na Paris ni mashaka ya fedha, kazi nzito na kuwaacha wazazi, lakini kwamba huko Paris, mbele ya wanafunzi wengi wasioamini, angeweza kuitumikia kweli zaidi. Hakuamua peke yake kisha akamtangazia. Alimtaka shauri, kama mtu anavyomtaka shauri mwenzake wa maisha. Amélie, msichana aliyezoea nyumba yenye neema na jamaa waliomzunguka, alichagua Paris pamoja naye. Alijua anachochagua, kwa kuwa alikuwa ameambiwa.

Kisha wachumba walitengana. Ozanam alikwenda kufundisha Paris, Amélie akabaki kwa wazazi wake. Miezi ile waliunganishwa na barua. Ndani ya barua hizo Ozanam alimfungulia mchumba wake moyo wake wote: habari za marehemu wazazi wake, hofu zake kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi, udhaifu wake, tamaa yake ya kumtumikia Mungu. Basi walipofika mbele ya altare, walikuwa watu wawili wanaojuana.

Arusi ilifungwa tarehe 23 Juni 1841, katika kanisa la Saint-Nizier pale Lyon. Padre Alphonse, kaka wa bwana arusi, ndiye aliyewabariki. Baadaye walisafiri mpaka Italia, wakapokewa huko Roma na Baba Mtakatifu Gregori wa Kumi na Sita.

Husimuliwa kwamba Padre Lacordaire, aliyetumaini kumwona Ozanam padre, alisikitika akisema kwamba naye amenaswa mtegoni. Na kwamba Papa Pius wa Tisa, aliposikia, alimjibu kwa utani kwamba mpaka siku ile alijua Bwana wetu ameweka sakramenti saba, wala hakujua kama ni sakramenti sita na mtego mmoja. Papa Yohane Paulo wa Kwanza, katika siku zake chache za upapa mwaka 1978, aliwasimulia watu kisa hicho, ili wajue kwamba ndoa ni sakramenti kubwa.

Na haikuwa mtego. Ozanam hakuwaacha maskini, wala wanafunzi, wala kalamu yake. Mwaka 1845 Mungu aliwajalia binti, wakamwita Marie. Na kila tarehe 23 ya mwezi, kwa ukumbusho wa arusi yao, mume alimpa mkewe maua. Mwezi wa Agosti 1853 alikuwa mgonjwa sana, wakikaa Antignano, pwani ya Italia. Ilipofika tarehe 23 alimpa Amélie kitawi cha mhadasi kilichochumwa kando ya bahari. Siku 16 baadaye, tarehe 8 Septemba, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, alifariki huko Marseille, umri wake miaka 40. Amélie hakuolewa tena. Alizitunza karatasi na barua za mumewe kwa miaka 41, mpaka kifo chake mwaka 1894. Tarehe 22 Agosti 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Ozanam Mwenye Heri, katika kanisa kuu la Notre-Dame huko Paris.

Vijana wetu leo wana uchumba wa namna gani? Tumeona wachumba wanaojuana kwa nguo za sikukuu tu. Tumeona kijana akikopa fedha ili aonekane tajiri siku ya arusi, na mke akaujua mkopo pale mdai alipobisha hodi. Tumeona wazazi wanaouliza mahari itakuwa ng'ombe wangapi, wasiulize kijana huyu anamtendeaje mgonjwa wa nyumbani kwao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha umaskini kwa mchumba wake ataumbuliwa ndani ya ndoa, wakati ambapo maumivu ni ya watu wawili.

Kwa hiyo twawashauri wachumba wafanye mambo mawili aliyofanya Ozanam. Kwanza, mtazame mwenzako anapofanya kazi isiyo na sifa, hasa kwa wadhaifu. Pili, mwambie kweli yote kabla ya arusi: mshahara, deni, maradhi, na kile unachoamini kwamba Mungu anakutaka ufanye, kisha mwache achague kwa hiari. Anayekubali baada ya kuambiwa kweli ndiye atakayekaa nawe Lyon au Paris, katika neema au katika dhiki. Nanyi wazazi na wasimamizi wa ndoa, wapeni nafasi ya kuambiana hayo. Mwenye Heri Ozanam awaombee.