Galileo na ubao wa mteremko: fizikia isiyosemeka haijaeleweka

Wahenga walituonya kwamba haraka haraka haina baraka, lakini hawakutuachia kipimo cha haraka hiyo. Swali hilo lilinirudia wakati wa likizo nilipokuwa kwa dada yangu, Chepilat, pale barabara itokayo Sotik kwenda Kisii inapovuka mpaka wa Bomet na Nyamira. Mwanawe aliye kidato cha tatu aliniletea daftari la fizikia. Ndani yake mlikuwa na grafu aliyoichora kwa rula, safi kabisa: mstari unaopanda, kisha unaolala, halafu unaoshuka hadi chini. Mhimili mmoja ulikuwa wa wakati na wa pili wa umbali kutoka nyumbani. Nikamwomba anisimulie gari hilo lilifanya nini.

Akanijibu bila kusita kwamba gari lilipanda mlima, likafika mahali tambarare, kisha likateremka. Kumbe grafu ilisema jambo jingine kabisa: gari liliondoka nyumbani, likasimama, kisha likarudi. Mlima haukuwamo. Kijana huyu alikuwa na fomula zote kichwani, tena kwa Kiingereza fasaha, na mtihani alikuwa ameupita. Sikumcheka, msomaji mpenzi, maana miaka ipatayo thelathini iliyopita nami niliusoma mstari kama huo kwa namna iyo hiyo, na sikuthubutu kumuuliza mwalimu kwa kuwa maneno ya kuulizia sikuwa nayo katika lugha iliyoruhusiwa darasani.

Mimi ni mtu wa isimu, si wa fizikia. Hata hivyo, tangu siku ile nimekuwa nikiyatafakari maisha ya mtu aliyetufundisha kuupima mwendo, Galileo Galilei, na ninaamini kwamba maisha hayo yana funzo kwa walimu wetu wa lugha na wa sayansi pia.

Galileo alizaliwa Pisa, nchini Italia, tarehe 15 Februari mwaka 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mpigaji kinanda cha nyuzi na mwananadharia wa muziki, ambaye hakuridhika na yale yaliyosemwa na wakale kuhusu sauti za nyuzi bali alizifunga nyuzi mwenyewe na kuzijaribu. Mwaka 1581 kijana alipelekwa Chuo Kikuu cha Pisa asomee udaktari, akaondoka mwaka 1585 bila shahada, moyo wake ukiwa umetekwa na hisabati. Miaka minne baadaye alirudi chuoni humo akiwa mwalimu wa hisabati, na mwaka 1592 akahamia Padua alikokaa miaka 18. Huko alizaa na Marina Gamba, bila ya ndoa, mabinti wawili na mvulana mmoja.

Watu wengi humjua Galileo kwa darubini yake ya mwaka 1609 na kwa miezi minne ya sayari ya Mushtarii aliyoiona Januari 1610. Wengine husimulia kwamba alidondosha mawe kutoka kwenye mnara wa Pisa, kisa ambacho wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Mimi nakusihi uiache mbingu na mnara kwa muda, uingie pamoja nami katika karakana yake ya Padua, ambamo kazi yake ya kudumu zaidi, kwa maoni yangu, ilifanyika kimyakimya.

Tatizo lake lilikuwa hili. Kitu kinachoanguka huenda kwa kasi inayozidi, lakini huanguka upesi mno hata jicho haliwezi kukifuata, na zama zile hapakuwa na saa ya kuhesabu sehemu za sekunde. Afanyeje? Akaamua kuupunguza mwendo badala ya kulifukuzia jicho lake. Aliuchukua ubao wenye urefu wa dhiraa 12 za Italia, yaani karibu mita 7, akauchimba mfereji ulionyooka, akaulainisha na kuutandika ngozi laini, kisha akauinua upande mmoja kwa dhiraa moja au mbili. Katika mfereji huo aliviringisha tufe la shaba nyeusi, gumu na la mviringo kamili.

Na saa je? Alitundika chombo kikubwa cha maji chenye mrija mwembamba chini yake. Tufe lilipoachiliwa, maji yalikingwa. Tufe lilipofika, yalizuiwa. Kisha maji yaliyokingwa yakapimwa kwa mizani nyeti. Uzito wa maji ndio uliokuwa kipimo cha wakati. Mkulima wa Kericho au Bomet anayesimama kila siku mbele ya mizani ya majani chai angeielewa hila hiyo mara moja: usichoweza kukishika, kigeuze kiwe kitu cha kupimika. Galileo aliandika kwamba alilirudia jaribio hilo mara 100 kamili.

Alichokigundua ni kanuni nyepesi ajabu. Tufe likienda robo tu ya urefu wa ubao, hutumia nusu ya wakati wa kuumaliza ubao wote. Kwa maneno mengine, katika kipindi cha kwanza tufe likienda kipande 1, katika kipindi cha pili litakwenda vipande 3, katika cha tatu 5, katika cha nne 7. Ukijumlisha utapata 1, 4, 9 na 16. Umbali hufuata mraba wa wakati.

Lakini asidhani mtu kwamba hekima hii ilimshukia kama mvua. Mwaka 1604, katika barua kwa rafiki yake Paolo Sarpi, Galileo aliieleza kanuni ya umbali kwa usahihi, ila akaijenga juu ya msingi mbovu: alidhani kwamba kasi huongezeka kadiri ya umbali uliokwisha pitwa. Ilimchukua miaka kuling'amua kosa hilo na kukiri kwamba kasi huongezeka kadiri ya wakati uliopita. Kosa lake lilitoka palepale linapotoka la mpwa wangu. Mahali tunapaona kwa macho, wakati hatuuoni. Basi akili hukimbilia mahali na kuusahau wakati.

Ili kuuonyesha wakati, Galileo aliuchora. Alichukua mstari mmoja kuwa wakati, na kutoka kwenye mstari huo akatoa mistari ya pembeni, kila mmoja ukisimama badala ya kasi ya nukta ile. Kwa kuwa kasi iliongezeka sawasawa, ncha za mistari hiyo zilifanya pembetatu. Wazo lenyewe lilikuwa na wazee wake, kwani Mfaransa Nicole Oresme alichora maumbo ya namna hiyo katika karne ya 14. Tofauti ni kwamba Galileo aliuunganisha mchoro na tufe la kweli, ubao wa kweli na maji yaliyopimwa. Mchoro ule ulikuwa umeshahakikiwa kwa mkono.

Hapa ndipo mwanaisimu ninapopata usemi. Wasomi wa zama zile waliandika Kilatini, na Galileo alikimudu; kitabu chake cha mwaka 1610 kuhusu darubini ni cha Kilatini. Baadaye akaamua kuandika Kiitaliano, na katika barua ya mwaka 1612 akaeleza sababu: alitaka asomwe na watu wenye akili ambao hawakupata bahati ya shule, wapate kujua kwamba nao wamepewa macho ya kuona na ubongo wa kufahamu. Kitabu chake cha mwaka 1632 kuhusu mifumo miwili ya ulimwengu alikiandika kwa Kiitaliano, kwa mtindo wa mazungumzo ya watu watatu, na yamkini kusomeka kwake na wengi kulizidisha hasira ya wakubwa. Tarehe 22 Juni 1633, mjini Roma, mzee huyu wa miaka 69 alipigishwa magoti mbele ya mahakama ya Kanisa, akaikana kauli kwamba dunia huzunguka jua. Akafungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, hadi kufa.

Mwaka uliofuata alifiwa na binti yake mpenzi, mtawa Maria Celeste, aliyekuwa akimliwaza kwa barua. Katika majonzi hayo mzee aliyarudia majaribio ya ujanani. Kitabu chake cha mwisho, chenye ubao, maji na pembetatu, kilitoka mwaka 1638 huko Leiden, Uholanzi, kwa kuwa kuchapishwa kwake nyumbani kulikuwa kumezuiwa. Kinazungumza lugha mbili: hoja za kihisabati ziko kwa Kilatini, na wale watu watatu wanazifafanua na kuzibishania kwa Kiitaliano. Kilipotoka, mwandishi alikuwa amekwisha pofuka. Alifariki tarehe 8 Januari 1642. Mwili wake uliwekwa katika kaburi la heshima mwaka 1737, na ilipofika mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hadharani kwamba waliomhukumu walikosea.

Narudi Chepilat. Nilimwambia mpwa wangu tufanye kama mzee yule. Fundi seremala akatupa ubao wa futi 12, akauchimba mfereji. Tukauinua upande mmoja kwa tofali moja tu. Gololi tukainunua dukani. Chupa ya plastiki iliyotobolewa ikawa saa, na maji tukayapima kwa bomba la sindano la kutibia ng'ombe, lenye alama za mililita. Asubuhi nzima tuliviringisha, tukakinga, tukaandika, huku watoto wa jirani wakibishana kwa Kikipsigis, Kikisii na Kiswahili ni nani aliyechelewa kuziba tundu. Matokeo hayakuwa kamili, lakini robo ya ubao ilituletea karibu nusu ya maji, mara baada ya mara.

Kisha kijana akachora. Mkono wake ulipofika katikati ya karatasi, akasimama. Akaniambia, Mjomba, gololi inashuka, lakini mstari wangu unapanda! Akacheka, akaeleza mwenyewe, kwa Kiswahili, kwamba mstari hauchori njia bali unahesabu umbali kila wakati unapopita. Nilipomtajia neno mchapuko walilotuundia wataalamu wetu, hakuhitaji tafsiri, kwa maana anajua kuchapuka ni nini. Baada ya hapo alikiandika kisa chote kwa Kiingereza, na safari hii Kiingereza chake kilikuwa na kitu ndani.

Siombi Kiingereza kifukuzwe madarasani. Watoto wetu watatahiniwa kwacho na wanakihitaji. Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, mwalimu asiingoje maabara yenye mashine ya kupigia vitone 50 kwa sekunde juu ya utepe, ilhali ubao, gololi na maji vipo kila kijiji. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kuisimulia grafu kwa lugha anayoimiliki kabla ya kuidaiwa kwa lugha anayojifunza. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Nao wanazuoni wa Dar es Salaam walikwisha tutolea kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Msamiati upo. Kinachokosekana ni ruhusa, na ruhusa haigharimu hata senti.

Nikiwa mtoto nilinyamaza kwa kukosa maneno, na somo likanipita. Mpwa wangu nusura apitwe pia, tena akiwa na alama nzuri. Ni wangapi wengine walionyamaza leo, katika darasa lililo karibu nawe, msomaji?