Jason Sendwe, mwuguzi aliyetaka kuwa daktari



Hapa Katanga mtu akisema mgonjwa wake amelazwa Sendwe, hakuna anayeuliza Sendwe ni nani. Ni hospitali ya jimbo pale Lubumbashi, basi. Lakini jina hilo ni la mtu, na mtu huyo hakuwa daktari. Alikuwa mwuguzi, mtoto wa shule za misioni, kabla siasa haijamchukua.

Tunakumbuka habari zake sasa kwa sababu ni wakati wa kujiandikisha shuleni. Hapa Kipushi tunao vijana wenye diploma ya A1 ya uuguzi wanaotaka kuendelea na lisansi Lubumbashi. Wazazi wao wanatuuliza mambo mawili: minervali itatoka wapi, na baada ya masomo hayo kazi iko wapi?

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, upande wa Kabongo, kaskazini ya Katanga, katika jamaa ya Waluba. Alilelewa na kusomeshwa katika shule za Wametodisti. Tangu ujana alitamani kuwa daktari. Akili alikuwa nayo, bidii pia, lakini mlango haukuwepo. Katika Kongo ya Wabelgiji hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja cha kumpokea mtu mweusi. Mkongo aliyeipenda kazi ya tiba aliweza kuwa mwuguzi, au akifika juu kabisa, msaidizi wa daktari. Msaidizi huyo alisoma miaka mingi, akatibu watu na kubeba lawama za wodi, huku akibaki chini ya daktari kijana aliyeshuka juzi kutoka Ulaya. Wagonjwa wenyewe hawakujali cheo: kila aliyevaa koti jeupe walimwita munganga, kama tunavyofanya hadi leo.

Basi Sendwe alifanya alichoweza. Alihubiri, alifundisha, aliuguza. Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa Léopoldville mwaka 1954, alikuwa na miaka 37. Kile cha Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilifunguliwa mwaka 1956, naye alikuwa anakaribia 40. Mlango ulifunguka wakati yeye ameshapita umri wake. Tunaposoma maisha yake, hapo ndipo tunapokaa kimya kidogo.

Tusipite haraka jambo lililotokea kwa wenzake. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii nzima haikuwa na daktari Mkongo. Wiki chache baadaye Wabelgiji wengi walikimbia, na hospitali zikabaki mikononi mwa wauguzi na wasaidizi wa madaktari. Shirika la Afya Duniani likawachukua makumi ya wasaidizi hao na kuwapeleka Ufaransa wamalize udaktari. Waliporudi, walikuwa kati ya madaktari wa kwanza wa Kongo. Walipoanza shule, hakuna aliyewaahidi kazi hiyo, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwepo kwa mtu mweusi.

Sendwe hakuwa kati yao, kwa maana wakati huo alikuwa kiongozi wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga. Mwanzoni mwa 1960 alikuwa Bruxelles kwenye Meza ya Mviringo, na mwezi wa tano akachaguliwa mbunge. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga, na Sendwe akasimama upande wa Kongo moja. Tshombe naye alisoma katika shule za Wametodisti! Kanisa lililowasomesha wote wawili halina sababu ya kujivuna juu ya miaka ile. Waluba wengi waliuawa, na vijana wa Balubakat nao walimwaga damu. Toka Agosti 1961 Sendwe alikuwa naibu wa waziri mkuu katika serikali ya Adoula, kisha mwaka 1963 akawa rais wa jimbo la Katanga Kaskazini. Tarehe 19 Juni 1964, siku uasi ulipoikumba Albertville, ambayo ni Kalemie ya leo, aliuawa huko.

Tukirudi kwa maswali ya wazazi, hatutaki kuwadanganya juu ya kazi. Katika hospitali za serikali wako wauguzi wanaofanya kazi miaka mingi bila nambari ya utumishi wala mshahara, wakiishi kwa prime na kile kidogo wanachogawana. Na tangu mgodi wa hapa Kipushi uanze tena kutoa zinki mwaka 2024, kijana anaona wenzake wakivaa helmeti na kulipwa mwisho wa mwezi. Anayechagua mgodi hatumlaumu. Lakini anayetaka kuuguza asizuiwe kwa hoja kwamba kazi haionekani. Sendwe naye hakuiona.

Juu ya fedha, sisi viongozi wa kanisa tujibu wenyewe. Mtoto wa Mwanya hakusoma kwa mfuko wa baba yake peke yake. Misioni iliyomsomesha ilitegemea sadaka za Wakristo wa ng'ambo ambao hawakumjua hata kwa jina. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, si matajiri. Leo mtoto ni wetu, tunamjua, tumembatiza, na safari yake ni kilomita 30 tu mpaka Lubumbashi, ingawa nauli ya kila siku nayo inauma.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, baada ya ibada, baraza la parokia litakutana kwa jambo hili moja. Mama na baba wenye mwanafunzi wa uuguzi waje na karatasi ya minervali kutoka shuleni, pamoja na hesabu ya nauli, nguo za staji na vitabu. Wauguzi wa parokia walio kazini tayari nao waje. Tutaanza na wale wanaoingia mwaka wa kwanza wa lisansi.