Lodi Egerton wa Njoro na Shamba Lililosomesha

Katika masetla wote waliojipatia ardhi ya Bonde la Ufa zama za ukoloni, ni wachache ambao majina yao yangali yakitajwa kila siku na vijana wa Kiafrika bila ya kinyongo. Mmoja wao ni Maurice Egerton, Lodi wa nne wa Tatton, aliyefariki mwezi wa Januari 1958. Vijana hao hawamtaji kwa sababu ya wema wa moyo wake, maana kuhusu huo yapo maneno mengi. Wanamtaja kwa kuwa jina lake limeandikwa juu ya shahada zao.

Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imeniweka Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa mjini Naivasha. Majirani zangu wengi ni vibarua wa mashamba ya maua, na wengine hulima sukuma wiki na vitunguu katika vipande vidogo vya ardhi. Kwa Kikikuyu neno kihoto lina maana ya haki, au hoja isiyopingika, na katika mtaa huu ambao maji ya ziwa yamekwisha kuingia majumbani zaidi ya mara moja, na mwaka 2025 yakawahamisha watu kwa maelfu, mazungumzo ya haki na ardhi hayakauki. Swali nililolisikia humu ni hili: Mzungu aliyetoa ardhi ambayo asili yake haikuwa yake, je, ametoa nini? Ndilo lililonifanya niyafuatilie maisha ya Lodi huyu.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874 katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza. Makao yao yalikuwa Tatton Park, jumba kubwa lenye msitu na malisho karibu na mji mdogo wa Knutsford katika jimbo la Cheshire. Baba yake alipokufa mwaka 1920, Maurice akarithi cheo na mali yote. Wakati huo alikuwa mtu mzima wa makamo, hana mke wala mtoto, na hata mwisho wa siku zake hakuwapata.

Tangu ujana alipenda mashine kuliko mikutano ya wakubwa. Ndugu wawili Wright wa Marekani waliruka kwa ndege mara ya kwanza mwaka 1903. Mwaka 1910 Egerton alikuwa tayari amekwisha pata cheti cha urubani cha Uingereza, namba 11. Fikiri, msomaji, ujasiri wa kupanda mbao na vitambaa vile vilivyofungwa kwa waya! Alipenda pia magari, kamera na uwindaji, na vichwa vya wanyama aliowaua vilijaza ukumbi mzima kule Tatton. Lakini lipo jambo jingine dogo ambalo mimi naliona kubwa. Huko Knutsford aliwawekea vijana wa kiume klabu, akapenda wajifunze kazi za mikono. Mtu asiye na mtoto alianza mapema kuwasomesha watoto wa wengine.

Kenya alianza kujipatia ardhi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akachagua Njoro, kilomita chache magharibi ya Nakuru. Huko alimkuta jirani aliyemtangulia, Lodi Delamere, aliyeingia mwaka 1903 akajaribu ng'ombe, kondoo na ngano kwa hasara kubwa kabla ya kupata faida. Njoro ni nchi ya baridi, yenye udongo mweusi na mvua nzuri. Haikuwa nchi tupu. Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo yao katika bonde hili mpaka mkataba wa mwaka 1904 ulipowaondoa na kuwapeleka Laikipia na kusini. Na mwaka 1911 waliokuwa Laikipia wakahamishwa tena kwa mkataba wa pili. Katika vitabu vya serikali ya wakati ule, Lodi Egerton alikuwa mwenye hati. Katika kumbukumbu za wenyeji, mambo ni mengine.

Mwaka 1938 alianza kujenga kasri la mawe pale Ngata, lenye ghorofa nne na vyumba 52. Vita vikaisimamisha kazi, nayo haikukamilika hadi 1954. Wasimulizi wa Nakuru wana hadithi yao: kwamba alimposa bibi mmoja wa kifalme kutoka Austria, bibi akaitazama nyumba yake ya kwanza akaicheka kwa udogo wake, ndipo Lodi akajenga hili kubwa, na bibi akalikataa nalo. Husema tena kuwa tangu siku hiyo hakutaka kumwona mwanamke katika ardhi yake. Mimi hadithi hiyo naipokea kama ninavyopokea hadithi za majini wa Gede. Huenda pana kitu ndani yake, ila imekwisha tiwa chumvi na kila aliyeihadithia. Lililo hakika ni kwamba mzee huyo aliishi ndani ya vyumba hivyo vyote peke yake na watumishi.

Mwaka mmoja baada ya kuanza kasri, yaani 1939, alifanya jambo ambalo ndilo limelibakisha jina lake. Alitoa ekari 740 za shamba lake la Njoro ili ianzishwe shule ya kilimo. Tusijidanganye kuhusu nia. Shule ile ilikuwa ya vijana wa Kizungu, na shabaha yake ilikuwa kuwafanya masetla bora. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikawafunza wanajeshi wa Kizungu waliostaafu na kupewa mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika alikuwapo pale, naam, lakini ameshika jembe. Mwaka 1950 shule ikapandishwa daraja ikaanza kutoa stashahada ya miaka miwili, na mwaka 1955 ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa kufa kwake, zikaongezwa ekari nyingine 1,100 kutoka kwake. Punde si punde milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na baada ya uhuru wakaja vijana kutoka Kenya nzima na nchi nyingine za Afrika. Kwa miaka mingi, ukimwona bwana shamba aliyesoma sawasawa, yaelekea alipita Njoro.

Sisi Waislamu jambo la namna hii si geni kwetu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipopata shamba Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, naye akamwelekeza alizuie shamba lenyewe, lisiuzwe wala lisirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Wanazuoni wengi wameujenga mlango wa wakfu juu ya shamba hilo. Na sharti moja wanalolitaja ni kuwa mwenye kuweka wakfu awe anakimiliki anachokitoa. Kitu cha kunyang'anya hakiwi wakfu. Kwa mizani hiyo, swali la Kihoto halijibiwi kwa kuonyesha idadi ya wahitimu. Deni la ardhi hubaki deni. Lakini pia sioni sababu ya kukataa kuwa kati ya masetla waliokuwa na hati kama zake, wengi waliuza wakaondoka na fedha zao, na huyu akaacha shule.

Mfano wa kwetu Mombasa wafaa kuwekwa kando yake. Taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, na miongoni mwa waliotoa fedha walikuwa Seyyid Khalifa bin Harub wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Kibohora. Ilikusudiwa vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na leo wanasoma humo watu wa kila dini. Njoro ilizungushiwa ua wa rangi, Tudor ua wa dini, na nyua zote mbili zikaondoka huku majengo yakibaki. Tofauti ni kwamba wenzetu wa Tudor walikuwa na haki safi juu ya walichokitoa.

Chuo cha Njoro kilipanuliwa kuanzia mwaka 1979 kwa msaada wa serikali ya Kenya na USAID, shirika la misaada la Marekani, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Hapo ndipo ilipochipua taaluma ambayo Lodi mwenyewe, mpenda mashine, sidhani kama aliiwazia: uchumi wa kilimo. Bwana shamba hukuambia upande nini na lini. Mchumi wa kilimo hukuambia kama utapata faida, nani anakula faida hiyo njiani, na serikali ikipandisha au kushusha bei ya mbolea nani ataumia. Taasisi ya Tegemeo, iliyo chini ya chuo hicho, ilizirudia kaya zile zile za wakulima mwaka 1997, 2000, 2004, 2007 na 2010, ikiwauliza walivuna nini na waliuza kwa bei gani. Kazi kama hiyo haina shangwe, lakini bila yake waziri hupanga bei ya mahindi kwa kubahatisha. Laiti wangalikuwapo watu wa namna hiyo wa kutosha wakati kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipokuwa kikifa miaka ya 1990!

Ardhi ya Lodi ilitoa mahali pa kusomea. Haikutoa ada, wala posho ya kijana aliyemaliza shahada ya kwanza na hana pa kuanzia. Pengo hilo limejazwa na wafadhili wa nje. Mwaka 2005 shirika la utafiti wa uchumi liitwalo AERC, lenye makao yake Nairobi, lilianzisha shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo inayofundishwa kwa pamoja na vyuo kadhaa vya mashariki na kusini mwa Afrika, Egerton kikiwa kimojawapo. Wanafunzi hukutana Pretoria kwa baadhi ya masomo. Mfuko wa Gates umekuwa miongoni mwa waliogharamia. Tegemeo nayo iliendesha utafiti wake mwingi kwa fedha za USAID. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ikaifunga USAID, na kazi zilizoitegemea Afrika nzima zikasimama kwa muda wa miezi michache tu.

Hapa ndipo ninapomrudia yule mzee mkaidi kwa heshima kidogo. Fedha ya mfadhili huja na mwaka wake na huondoka na mwaka wake. Shamba halikufungwa Washington. Ingawa nalo haliwezi yote: mwezi wa Novemba 2021 chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo wa wahadhiri waliodai mishahara yao, na ekari zile zote hazikuweza kuwalipa. Jirani yangu mmoja ana binti anayesomea uchumi wa kilimo Njoro. Ada yake imetoka kwenye vitunguu, na mwaka wa mafuriko vitunguu vilioza shambani. Waliomvusha muhula ule ni wanawake wa chama cha mtaani, kwa kuchangishana. Misikiti yetu ya pwani ina nyumba na maduka ya wakfu, na Kenya ina sheria ya kuyasimamia. Sijasikia hata chumba kimoja kilichowekwa wakfu kwa ajili ya kijana anayesomea bei ya nazi.

Lodi Egerton alipokufa cheo chake kilikufa naye, kwani hakuwa na mrithi. Tatton Park aliiachia National Trust, shirika la Kiingereza la kuhifadhi majumba ya kale. Kasri la Ngata limo mikononi mwa chuo kikuu, na wageni hulipa kiingilio kulitazama. Nalo hukodishwa kwa arusi, na maharusi hupigwa picha kwenye ngazi zile zile ambazo, kwa mujibu wa wasimulizi, hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuzikanyaga.