Mtwa Mkwawa na Safari ya Fuvu Lake

Hapa Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, habari za Mtwa Mkwawa wa Wahehe si ngeni. Tumkumbuke kwa ufupi.

Alitawala baada ya baba yake, Munyigumba, aliyefariki mwaka 1879. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, askari wake walikivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana karibu miaka minne huku watu wake wakimficha. Tarehe 19 Julai 1898, adui wakimkaribia, alijipiga risasi. Wakamkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani.

Ukatili huu ni wa kale. Mwaka 106 Decebalus, mfalme wa Dacia, nchi ambayo leo ni Romania, alijiua asikamatwe na Warumi. Kichwa chake kikapelekwa kwa Kaisari Trajan. Vita hivyo vimechongwa kwenye mnara mjini Roma. Juu yake leo imesimama sanamu ya Mtakatifu Petro.

Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai fuvu la Mkwawa lirudishwe. Mwaka 1954 fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilifika Kalenga, na limehifadhiwa huko.

Hatuusifu mwisho wa Mkwawa, wala hatumhukumu, tunamwachia Mungu. Lakini Kanisa linatufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Basi hata adui aliyeshindwa, mwili wake unadai heshima.