Dekha wa Wajir na kikundi kisichofika watu 12

Umewahi kuwa kwenye kikundi ambacho WhatsApp imejaa ahadi lakini kazi inafanywa na watu wawili? Basi mjue Dekha Ibrahim Abdi.

Alizaliwa Wajir mwaka 1964, wakati Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari. Sheria hizo zilikaa karibu miaka 30. Zilipoondolewa mapema miaka ya tisini, ukame ulikuwa umemaliza mifugo, bunduki zinavuka mpaka kutoka Somalia, na koo za Wajir zikaanza kuuana.

Usiku mmoja wa 1993, risasi zikilia karibu na kwao, Dekha alijificha chini ya kitanda na binti yake. Asubuhi mamake akamwambia kuwa naye alijificha hivyo hivyo, mtoto akiwa ni Dekha mwenyewe. Hebu fikiria. Akajiuliza kama binti yake pia atakuja kulala hapo chini na mtoto wake.

Yeye na wenzake hawakufika dazeni. Hawakuwa na ofisi wala ufadhili. Walianzia sokoni, ambapo wanawake wa ukoo mmoja walikuwa wakizuia wa ukoo mwingine kuuza au kununua. Wakakubaliana soko ni la kila mama, kisha wakaweka watu wa kuangalia kila siku kama makubaliano yanafuatwa. Hapo ndipo vikundi vingi huanguka, ukiniuliza: mnakubaliana Jumamosi, Jumatatu hakuna anayefuatilia.

Halafu wazee. Akina mama wangeitisha kikao chenyewe, nani angekuja? Walitumia wazee wa koo ndogo, ambazo hakuna aliyeziogopa, na hao ndio wakawaketisha wakubwa. Mwaka 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al Fatah. Dekha hakuhitaji kuwa kwenye picha.

Mwaka 1995 makundi ya wanawake, vijana, wazee na viongozi wa dini yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya; Dekha akawa katibu. Sasa wewe unaweza kudharau ukatibu, ati ni kuandika tu. Lakini katibu ndiye anayejua nani aliahidi nini, na nani apigiwe simu mifugo ikiibwa usiku. Kamati ilikuwa na kikosi cha dharura: mzee, sheikh, mama na afisa wa usalama wanaingia gari moja na kwenda kulikochafuka kabla watu hawajalipiza kisasi.

Baadaye alifundisha mbinu hizo nje ya nchi, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Miezi michache tu, Kenya ikawaka baada ya uchaguzi. Dekha, Bethuel Kiplagat, George Wachira na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande wakaanzisha Concerned Citizens for Peace. Watano tu! Kila asubuhi walifungua kikao katika hoteli ya Serena, Nairobi, na yeyote aliyetaka kusaidia aliingia, akasikilizwa, akapewa kazi.

Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani iliyowaua pia mumewe na dereva wao. Zile kamati za amani unazosikia zikitajwa uchaguzi ukikaribia zilifuata mfano wa ile ya Wajir.