MTOTO WA UNGUJA NA BENDI YA QUEEN

Najua wanachama wenzangu wengi wameandika juu ya washairi na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mwimbaji wa roki. Usicheke kwanza, nisikilize.

Nyumbani kwetu kuna sanduku la kaseti alizoacha marehemu mjomba wangu, ambaye alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya watalii huko Watamu. Alifariki mwaka wa 1996, kabla sijazaliwa. Nyingi ni za taarabu na za Them Mushrooms, lakini moja imeandikwa QUEEN kwa kalamu. Nikadhani hao ni Wazungu watupu. Kumbe mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa papo hapo Unguja, kwenye bahari hii hii tunayoogelea, tarehe 5 Septemba 1946!

Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Bara Hindi, na babake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Alipofika miaka kama 8 alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, kule India. (Wewe unayelia kwa kuletwa bweni kutoka Kilifi, hebu mfikirie mwenzako.) Huko alijifunza piano, na wenzake wakaunda bendi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka wa 1963 lakini hakukaa. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakazuka, familia ikakimbilia Uingereza. Alikuwa na miaka 17.

Msidhani alishuka tu London akawa nyota. Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing, akabeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, na akauza nguo kuukuu soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mitumba, basi! Taylor na mpiga gitaa Brian May walikuwa na bendi yao, Smile. Mwimbaji wao alipoondoka mwaka wa 1970, Freddie akaingia, akaipa bendi jina la Queen na kuichorea nembo, naye akajiita Mercury. John Deacon wa gitaa la besi alijiunga mwaka wa 1971. Wakatimia 4, na hao 4 hawakuachana mpaka kifo.

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1973 bila kishindo. Utamu wenyewe ni mwaka wa 1975. Freddie alitunga Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6, wakati redio zilizoea nyimbo za dakika 3. Wakubwa waliona hautachezwa. Ukakaa kileleni Uingereza kwa wiki 9! Na katikati yake mna neno lile lile ambalo sisi watu wa pwani hulitamka kabla ya kutia mkono sahanini. Nilipolisikia nilirudisha kaseti nyuma mara 3, wallahi.

Lakini mwaka wa 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, ilhali wanamuziki wengi walikuwa wamekataa. Hapo simtetei. Mzaliwa wa Afrika alipaswa kujua. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, walipanda jukwaani Wembley katika tamasha la kuwachangia wenye njaa Ethiopia. Walipewa kama dakika 20 tu, na mpaka leo watu husimulia dakika hizo kuliko tamasha lote.

Kisha akaugua ukimwi. Magazeti yalimwandama miaka mingi, naye akawa anakana huku akiendelea kurekodi. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ni kweli. Kesho yake akaaga dunia, ana miaka 45.

Kwao Unguja hakukubaliwa na wote. Mwaka wa 2006 sherehe ya kumkumbuka ilifutwa baada ya watu wengine kupinga. Lakini mwaka wa 2019 ilifunguliwa makumbusho yake mtaani Shangani.

Mimi lililonikaa moyoni ni ile siku moja, kati ya kusema na kufa. Likizo iliyopita nilimwuliza mama mjomba alikufa kwa ugonjwa gani, maana miaka yote tumeambiwa ni homa. Alinyamaza, akaendelea kukuna nazi. Asubuhi ya kurudi shule, matatu ikipiga honi nje, akaniita jikoni akaniambia. Halafu akauliza kama ile kaseti bado inalia.